Punguzo la gauni la ngoma hutoka mfukoni mwa nani?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya tamasha la sanaa na utamaduni linalofanyika Bagamoyo, vibaraza vya mafundi cherehani mjini hapa hupata wateja wa aina moja. Huja kwa makundi, wakiwa na vitenge mkononi au picha ya mshono kwenye simu, na kabla fundi hajauliza wanataka magauni mangapi, suala la punguzo limekwisha kutajwa. "Fundi, sisi tuko kumi na wawili, utatufanyia ngapi?" Swali hilo huulizwa pia na wanawake wanaojiandaa kumtoa mwali, na kamati za harusi, na wanafunzi wa sanaa wanaohitaji mavazi ya jukwaani. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, kwa hiyo gauni la kuchezea ngoma si kitu cha nadra hapa. Ni sehemu ya riziki ya watu.

Nimekaa upande wa cherehani, na kwa miaka mitatu nimeshika pia fedha za kikundi cha ngoma. Kwa sababu hiyo siwezi kumwunga mkono fundi anayeona kuwa kila anayeomba kupunguziwa anaidharau kazi yake, wala mteja anayeona kuwa fundi anayekataa ana choyo. Rai yangu ni kwamba punguzo ni halali pale ambapo kazi yenyewe imepungua, na linakuwa dhuluma pale ambapo kazi imebaki ileile na kilichopunguzwa ni ujira wa mshonaji. Kuitamka rai hiyo ni rahisi. Ugumu uko katika kutambua ni wakati gani kazi imepungua kweli.

Tuanze na gauni lenyewe, kwa sababu wateja wengi hulipima kwa macho ya gauni la kutokea. Sketi ya duara kamili, ile inayofunguka kama mwavuli mchezaji anapozunguka, kwa mtu mwenye kiuno cha sentimita 70 na anayetaka urefu wa sentimita 70, inahitaji vipande viwili vya nusu duara, kila kimoja kikipimwa sentimita 81 kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi, hiyo ni zaidi ya mita 3.2 za kitambaa kwa sketi peke yake, kabla ya kukata kifua, mikono na mkanda, na kitenge cha yadi 6, ambacho ni takriban mita 5.5, kinakwisha karibu chote. Pindo la sketi hiyo lina mzunguko wa zaidi ya mita 5, ilhali pindo la sketi nyembamba ya kawaida huwa la mita 1 hivi. Wala pindo la duara halipindwi kwa haraka, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa mshazari hurefuka kikining'inia. Fundi makini hulitundika gauni usiku kucha ili kitambaa kishuke, akalisawazisha asubuhi, ndipo akalipinda.

Kwapani pana kazi nyingine. Mchezaji huinua mikono juu ya kichwa tena na tena, na gauni lililoshonwa kama la kuendea ofisini litafumuka hapo siku ya kwanza. Mafundi wa kanzu wa pwani wanaijua dawa yake tangu zamani: ni kikwapa, kile kipande kidogo kinachoingizwa chini ya mkono ili nguo isibane. Kila mkono una kikwapa chake, na kila upande wa kikwapa unataka mshono wa kurudiwa. Kiunoni lazima pawe na nafasi ya kibwebwe, maana mchezaji wa sindimba, ngoma ya kukata kiuno, hatacheza bila kujifunga kiuno, na zipu iliyowekwa ubavuni itakandamizwa hapohapo. Mambo haya hayaonekani kwa mtazamaji aliyekaa chini ya jukwaa, na pengine ndiyo sababu hayahesabiwi.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya fundi yeyote. Gauni linashonwa kwa shilingi 30,000, mteja akiwa ameleta kitenge chake. Uzi, zipu, bitana, lastiki na umeme vikigharimu shilingi 8,000, fundi anabakiwa na 22,000 za kazi ya mikono yake na pango la kibaraza. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 20, yaani shilingi 6,000, anaamini kwamba ameomba sehemu moja ya tano. Lakini muuza zipu hakupunguza kitu, wala umeme haukushuka bei. Zile 6,000 zote zinatoka katika 22,000, na hiyo ni zaidi ya robo ya ujira. Kwa magauni 12 jumla ni shilingi 72,000, sawa na kushona magauni matatu na ushei bila kulipwa. Nimewahi kuieleza hesabu hii kwa mteja aliyekuwa amekuja kwa ukali, naye akanyamaza, kisha akasema kwamba hakuna fundi aliyewahi kumwonyesha. Hilo nalo ni kosa letu.

Kikundi nacho kina hesabu yake. Kikundi cha ngoma hulipwa kwa onyesho. Malipo yakishaingia hutolewa nauli, kisha hugawanywa kwa wapiga ngoma, waimbaji na wachezaji, na si ajabu mwenye shughuli kulipa nusu siku ile na nusu nyingine akaahidi kuileta baadaye. Gauni moja linaweza kula alichopata mchezaji katika maonyesho kadhaa. Wala hashoni kwa anasa, kwani kikundi kinachopanda jukwaani kwa nguo zisizolingana huonekana hakikujiandaa, na anayealika vikundi hulikumbuka jambo hilo. Isitoshe, kupatana bei si ufidhuli katika miji yetu. Mafundi wengi hutaja bei iliyopandishwa kidogo wakijua itashushwa, kwa hiyo fundi anayekasirika kwa kuulizwa tu anamwonea mteja. Ninachokichukia katika mtindo huo ni kingine: mteja mpole, asiyejua kubishana, hulipa bei ileile iliyotajwa mwanzo, na kwa namna hiyo ndiye anayebeba punguzo la mwenye maneno mengi.

Hoja ya wingi ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Ni kweli kwamba magauni 12 yanayofanana yana nafuu. Fundi hutengeneza patani moja, yaani kiolezo cha kukatia, hupanga vitambaa tabaka juu ya tabaka na kukata kwa pamoja, hatoi uzi wa rangi hii na kuweka wa rangi ile, hununua lastiki kwa jumla, na mkono unauzoea mshono kiasi kwamba gauni la nane huenda mbio kuliko la kwanza. Lakini nafuu hiyo inategemea magauni kufanana kwa vipimo na kwa mshono. Wakija wachezaji 12 wenye miili 12, kila mmoja akitaka gauni limkae barabara kiunoni na kifuani, ukataji unarudi kuwa wa mmoja mmoja na kujaribisha kunakuwa mara 12, au 24 kwa wale wanaorudi na marekebisho. Hapo kinachofanana ni rangi ya kitenge tu. Kikundi changu kiliwahi kumbana fundi mmoja kwa hoja hiyohiyo ya wingi, akakubali kwa shingo upande, kisha kila mmoja wetu akamjia na lake: huyu mkono mfupi, yule marinda, yule mgongo wazi. Nguo zikachelewa, nasi tukamlaumu. Leo nikilipima jambo lile naona kwamba sisi ndio tuliotangulia kuvunja makubaliano.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka bei ya wingi kwa haki kina njia iliyo wazi. Kichague mshono mmoja, kiuno kiwe cha lastiki, na vipimo viwe vya saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, badala ya kupima mtu mmoja mmoja. Mmoja wao awe ndiye msemaji, na vitambaa viletwe vyote siku moja. Fundi akipewa kazi ya namna hiyo na bado akang'ang'ania bei ya gauni la mtu mmoja, basi mteja ana haki ya kunung'unika, nami nitakuwa upande wake.

Hoja ya kutangazwa ina uzito mdogo, ingawa nayo si ya kutupwa. Vikundi husema, "Tutakutangaza jukwaani, utapata jina." Sare ya kitenge ya harusini huweza kumletea fundi wateja, kwa kuwa anayeiona anaweza kuitamani na kuivaa. Vazi la jukwaani halina bahati hiyo, maana mtazamaji anayelisifu hana pa kulivalia, na anayeweza kuvutiwa nalo ni kikundi kingine, ambacho nacho kitakuja na ombi lilelile la punguzo. Kama kutangazwa ni sehemu ya malipo, basi pia kuwe ahadi inayoweza kudaiwa: isemwe wazi kwamba jina la fundi litatajwa na mshereheshaji, na lini.

Upande wa mafundi kuna jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha, nalo ni ahadi za kesho. Mteja huambiwa aje Ijumaa, akija akakuta kitambaa hakijakatwa. Huambiwa aje Jumatatu, akakuta mkono mmoja haujashonwa. Wengine huchukua arbuni ya kazi hii wakanunulia uzi wa kazi ile, na vipande vya kitenge vilivyobaki havirudishwi wala havitajwi. Mtu aliyezoea kuja mara tatu kufuata nguo moja huyahesabu mapema maudhi yake anapopatana bei, na nadhani sehemu kubwa ya maombi ya punguzo ni fidia ya usumbufu ambao mteja ana hakika kwamba utatokea. Fundi asiyevunja siku aliyoitaja, na anayekirudisha kibaki cha kitambaa kikiwa kimekunjwa pamoja na gauni, ana haki ya kusimamia bei yake kwa namna ambayo mwenzake hana.

Kuna pia mtu ambaye hayumo katika mazungumzo ya bei, naye ni mwanagenzi au mshonaji anayelipwa kwa idadi ya nguo. Mwenye kibaraza akimpunguzia mteja wake kwa ukarimu, mara nyingine humgeukia mshonaji huyo na kumwambia kwamba kazi hii ni ya bei ndogo, kwa hiyo na ujira wake utakuwa mdogo. Mikono iliyopinda zile mita 5 za pindo ni ya kijana aliyekaa kwenye cherehani ya nyuma, na sifa za wema zimekwenda kwa aliyekaa mbele. Mwenye kibaraza anayetaka kusaidia kikundi akisaidie kwa sehemu yake mwenyewe, na ujira wa mshonaji ubaki ulivyokuwa.

Majira nayo yana neno lake. Kumi la mwisho la Ramadhani fundi hana nafasi hata ya kula futari kwa utulivu kwa ajili ya nguo za Idi, na mwishoni mwa mwaka sare za shule humjaa kibarazani. Kuomba punguzo wakati huo ni kumtaka aache kazi ya bei kamili ili ashike ya bei pungufu. Wakati wa masika, shughuli zinapokuwa chache na cherehani imefunikwa, kikundi kinachojua kwamba kitahitaji magauni ya tamasha kingeweza kupeleka vitambaa mapema, kikalipa kidogo kidogo, na kupata nafuu ambayo fundi anaitoa kwa furaha. Nimeshangaa mara nyingi kuona jinsi vikundi vichache vinavyofanya hivyo.

Linabaki suala la undugu, ambalo hesabu peke yake haiwezi kulimaliza. Katika ngoma ya mwali fundi huwa ni jirani, au shangazi, au mke wa ndugu, na kumdai bei kamili mtu mliyezikana pamoja hakuwezekani, wala mimi sitaki kuwezekane. Ninachopinga ni mchango huo kuitwa punguzo ukapotea bila kuonekana, huku mchango wa aliyeleta mchele ukiandikwa kwa kilo. Daftari la kamati lipo na linaandika kila kitu. Fundi ataje bei yake kamili, mweka hazina aiandike, kisha aandike alichokiacha kuwa ni mchango wake, kama ulivyoandikwa mchele na mafuta. Siku ya kusoma majina ya waliochanga, jina lake lisomwe pamoja na ya wengine, na kiasi kitajwe: shilingi 72,000.