Gitaa Linavuma Kama Friji

Mmmmmmm. Ndiyo hiyo tena. Saa tano usiku, ubao umepigwa msasa hadi nzi anateleza, vanishi inang'aa, nyuzi sita zimekaa sawa, na ukichomeka gitaa kwenye amplifaya kinachotoka si muziki, ni friji. Shika nyuzi, kimya. Ziachie, mmmmmmm. Yaani mtu anachonga gitaa miezi mitatu, halafu linataka kushikwa mkono kama mtoto wa nasari.

Sasa ita watu waje wasikilize. Wote mainjinia. Wa kwanza: "Hizo pikapu ni feki, toa," yaani zile sumaku zenye koili zinazonasa sauti ya nyuzi. Wa pili: "Nunua amplifaya ingine." Wa tatu hata hajavua viatu, ameshasema ni stima ya hii ploti. Hakuna hata mmoja anayeuliza swali lenyewe: ukishika nyuzi, mvumo unafanya nini?

Ukipungua, shukuru. Waya wa eathi unaoenda kwenye daraja la nyuzi uko salama. Mwili wako ndio antena: unakusanya mvumo wa hezi 50 kutoka nyaya za ukutani na kuupelekea gitaa, na ukishika nyuzi unaumwaga kwenye eathi. Kinachokosekana ni kinga ndani ya shimo la nyaya. Usipobadilika hata kidogo, ule waya wa daraja umekatika, au ulisahau kuuweka na sasa unajifanya umekatika. Na ukizidi, meza aibu ufungue jeki, lile tundu la kuchomekea kebo: umegeuza nyaya, wa sauti umekaa mahali pa eathi, na nyuzi zote sita sasa ni waya wa sauti. Kosa la dakika mbili, na kuna watu wameshalinunulia pikapu mpya.

Nyuzi zikikutekenya vidole kwa stima, hapo hakuna mzaha. Zimeungana na bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi inategemea pini ya eathi kwenye plagi. Kama ekstensheni yako haina eathi, zima, ukanunue nyingine kabla hujapiga noti moja. Volti 240 hazijui benga wala injili.

Lakini hayo yote ni nafuu. Balaa ni kwenda kununua volyumu, kile kizungushio cha kupandisha na kushusha sauti.

Unafika Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki Nairobi, na heshima zako, shati limepigwa pasi, orodha mfukoni. Unasimama kwenye kaunta kama mtu aliyekuja benki kuweka pesa.

"Habari ya kazi, boss. Naomba jeki moja na volyumu mbili za pikapu."

"Pikapu gani?"

"Hambaka." Ndiyo pikapu ya gitaa yenye koili mbili.

Kijana anamgeukia mwenzake. "Kuna pikapu inaitwa Hambaka?" Mwenzake, macho kwenye simu: "Zitakuwa hizo mpya za Wachina."

"Na jeki ni ya tani ngapi, mzee?"

"Robo inchi."

Duka linanyamaza. Hata mama aliyekuja kununua rimoti anageuka. "Mzee wangu," kijana anasema polepole, kwa huruma, "jeki ya robo inchi itainua nini? Jaribu Kirinyaga Road, huko ndiko kwa spea za magari."

Ikabidi mtu mzima, mwenye watoto shuleni, apige gitaa la hewa mbele ya kaunta. "Aaaa, gitaa! Si ungesema!" Anapanda stuli, anashusha boksi, anapuliza vumbi lote likuangukie, anakupa volyumu. Imeandikwa B10K.

"Hii ni ya 10. Nataka ya 500."

"Mzee, mimi si mwizi. Hii ni themanini tu."

"Si bei! Ni kilo-omu. Nataka A500K."

"Nikuwekee ya 50?"

"Mia tano."

"Basi chukua mbili za 50..." Anapiga hesabu, anaona haifiki, anatupia ile ya 10 juu kama nyongeza ya sukuma wiki. "Boss, zote si zinazunguka?"

Zinazunguka! Hata feni inazunguka! Hata makanga wa matatu anazunguka! Hambaka ina ukinzani wa karibu kilo-omu 8. Ibebeshe volyumu ya 10, karibu nusu ya sauti inaishia njiani na makali yote yanakufa, gitaa linaimba kutoka ndani ya gunia la makaa. Hambaka ni 500, pikapu ya koili moja ni 250, kwisha. Na ile herufi si pambo. A inashusha sauti kwa mwendo ambao sikio linauelewa. B utazungusha, utazungusha, sauti ni ile ile, halafu karibu na mwisho inatumbukia kama gurudumu kwenye shimo la barabara.

Kapasita ya toni, ile inayopunguza makali ya sauti, iwe imeandikwa 223 kwa hambaka, 473 kwa koili moja. Volyumu ikifanya kazi kinyumenyume, badilishana miguu ya pembeni. Pikapu mbili zikiwa pamoja na sauti ikawa nyembamba, ya puani, moja imegeuzwa. Badilishana nyaya zake mbili. Gitaa likianza kukuhubiria kwa sauti ya stesheni ya redio, usiokoke, tafuta lehemu mbovu.

Maana lehemu ndiyo ugonjwa wa wengi. Mgongo wa volyumu unameza joto, kwa hiyo kale kachuma ka kulehemu ka wati 25 kataulamba tu. Kwangua mgongo na msasa kwanza, tumia wati 40, gusa sekunde chache, ondoka. Ikipoa inang'aa. Ikipoa ikawa kijivu yenye chengachenga, kama uji wa jana, rudia.

Na kabla ya kufungua chochote, chomeka kebo kwenye gitaa, volyumu mwisho, pima na mita upande wa pili, kati ya ncha na shina la plagi. Hambaka ikisoma kilo-omu 7 hadi 9, njia ya sauti ni nzima. Ikisoma sifuri, waya umegusana mahali. Isiposoma kitu, umekatika.

Kinga yenyewe ni foili ya jikoni, bandika shimo zima. Alumini haishiki lehemu ya kawaida, kwa hiyo waya wa eathi ukazwe na skrubu. Halafu bandika tepu upande wa nje wa ule ulimi wa jeki unaogusa ncha ya plagi, kwa sababu ukichomeka unapanuka, unabusu foili, gitaa linakuwa bubu, na wewe unaanza tena kuilaani pikapu.

Hodi. Saa sita kasoro, nani sasa? Jirani. Anauliza kama friji yetu ndiyo inavuma hivyo, maana ya kwake imekufa tangu stima irudi kwa kishindo, na ana samaki. Mzima. Kichwa hakiingii hata kwenye sufuria, mkia unatoka nje ya mfuko, mama watoto ameamka anasema aletwe tu. Sasa wote wawili wako jikoni wanafungua droo moja baada ya nyingine, wanaulizana foili imeenda wapi.