Ongeza stopu moja, lakini juu ya nini?

Anayeanza kupiga picha kwa filamu siku hizi hujifunzia mtandaoni, na hachukui muda kukutana na agizo hili: filamu ya rangi ipe mwanga zaidi ya unaotakiwa na namba ya kwenye boksi, yaani kasi ya filamu. Una Portra 400 ya Kodak? Weka kamera 200, nayo itadhani filamu ina kasi ndogo na kuipa mwanga mara mbili. Hiyo ni stopu moja ya ziada, maana kila stopu huzidisha mwanga mara mbili, na usihofu, filamu inavumilia. Nimelifuata agizo hilo kwa muda, likanisaidia na likaniharibia picha ambazo haziwezi kurudiwa. Naona tulipime upya, hasa sisi tunaopiga nyuso nyeusi chini ya jua la Pwani.

Nilipe haki yake kwanza. Negativu, yaani filamu ambayo penye mwanga hutoka peusi na penye giza hubaki peupe, haifanani na simu. Kwenye simu, mahali palipozidi mwanga hugeuka weupe mtupu na kilichokuwapo kimekwenda. Kwenye negativu kinachopotea ni giza: pasipofikiwa na mwanga wa kutosha filamu hubaki tupu, na hakuna fundi atakayetoa kitu pasipo na kitu. Upande wa mwanga mwingi filamu huendelea kupokea, inazidi kuwa nzito, lakini mambo bado yamo ndani. Kwa hiyo mwenye shaka heri azidishe kuliko apunguze.

Tena mazoea haya yana asili yake. Mpaka 1960, kipimo rasmi cha Marekani cha kasi ya filamu za nyeusi na nyeupe kilikuwa na akiba ya kama stopu moja ndani yake. Mwaka huo kikarekebishwa, akiba ikaondolewa, na filamu zile zile zikapewa namba karibu mara mbili ya zile za zamani. Mkongwe aliyeendelea kukata namba nusu alikuwa anarudisha akiba aliyoizoea.

Kuna sababu nyingine inayotugusa zaidi. Kwa miongo kadhaa Kodak ilipeleka kwenye maabara kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikajulikana kama kadi za Shirley, na fundi alirekebisha rangi za mashine mpaka ngozi ya mwanamke yule itoke sawasawa. Ngozi nyeusi haikuwamo kwenye kipimo. Inaelezwa kwamba miongoni mwa waliosukuma mabadiliko ni watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani kwenye matangazo. Inauma kulisoma hilo. Filamu za leo zimeboreka sana, lakini aliyekulia kwenye albamu za familia ambamo watu wameonekana meno na macho tu, akiambiwa “ongeza mwanga” ataona amepewa dawa.

Ila dawa yenyewe imeandikwa kipimo bila kutajwa ugonjwa. Inakwambia ongeza kiasi gani, haikwambii unaongeza juu ya nini. Kipima mwanga cha ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kila kilichojaa mbele yake hukichukulia kuwa kijivu cha wastani.

Nilikuwa na harusi Mji Mkongwe, saa tano asubuhi. Bwana harusi, kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera ikaona weupe kila upande, ikadhani mwanga ni mwingi mno, ikapunguza kama stopu mbili. Stopu moja niliyoongeza ikalipa nusu ya deni, na uso wake ukabaki umezama. Nikageuka kwa shangazi yake, nikamsogelea mpaka buibui jeusi likajaza fremu. Kamera ikadhani ni giza, ikaongeza yenyewe stopu mbili, na mimi nilishaweka yangu. Picha mbili zilizofuatana kwenye mkanda mmoja, kwa agizo lile lile: moja ina njaa ya mwanga, nyingine imezidishiwa stopu tatu.

Anayetetea agizo atasema hiyo ya pili haina neno. Kwa upande wa filamu yuko sahihi. Nilipoiweka negativu juu ya taa na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, ilikuwa nzito, lakini nakshi ya pindo la mtandio wa shangazi ilikuwamo yote, mpaka uzi. Picha niliyopewa na maabara ikaja na uso uliopauka, wa rangi ya chungwa, na pindo halionekani. Filamu ilivumilia, mashine ya kuskani haikuvumilia, na aliyeiendesha hakuwa na muda wa kuhangaika na fremu moja. Wengi wanaotoa ushauri huu wanaskani wenyewe, au wana fundi anayejua wanachotaka. Wengine wanatafuta ile rangi laini, ya kupauka kidogo, iliyopendwa sana kwenye harusi za Marekani na Ulaya enzi za Fujifilm Pro 400H, filamu iliyositishwa 2021. Ni ladha halali. Lakini ni ladha, na kwangu mimi inaipora ngozi nyeusi ule uzito wake wa rangi.

Wapo wa upande wa pili wanaosema namba ya boksi ndiyo sahihi, nunua kipima mwanga cha mkononi, basi. Hawajakosea: kipima kinachosoma mwanga unaoanguka juu ya mtu hakijali kama kavaa kanzu au buibui. Lakini wanasahau kamera tunazotumia. Seli ya seleniamu inayopima mwanga kwenye Zenit E, kamera ya zamani ya Kisovieti, ikizeeka husoma mwanga pungufu, shata ya zamani, yaani kipazia kinachoruhusu mwanga uingie, mara nyingi huchelewa kufunga, na vyote viwili huongeza mwanga bila kukuuliza. Mwenye kamera ya aina hiyo anaweza kuwa ameshaongeza stopu moja kabla hajaambiwa. Na anayeweka filamu ya slaidi, inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, kama Ektachrome, asilisikilize agizo hili kabisa. Kwa slaidi kinachopotea ni upande wa mwanga.

Halafu kuna jua la saa sita. Huku kwetu linasimama utosini, na macho yanazama kwenye vivuli vyake. Hapo hakuna stopu itakayosaidia bila kuunguza paji la uso na kanzu. Msogeze mtu kwenye baraza, umgeuzie upande wa uwazi, ndipo uanze kupima.

Ninachofanya sasa ni cha zamani kuliko mtandao. Nanyoosha kiganja changu kwenye mwanga ule ule uliompata mtu, nakipima kwa kukijaza kwenye fremu, kisha naongeza stopu moja, kwa kuwa kiganja hung'aa zaidi ya kijivu cha wastani kwa kiasi cha stopu moja, na viganja vya watu havipishani sana kama nyuso zao. Namba ya boksi naiacha 400. Nikiwa na shaka na shata naongeza nusu, basi. Kwenye mkanda wa mwisho niliosafisha kuna bwana harusi mwingine, barazani. Tundu za kofia yake zinahesabika, na chini yake shavu lina weusi wake wote, na ung'avu kidogo pale jasho lilipoanza.