Mbwa kaona jini, kesi nimepewa mimi

Jamani hivi huyu mbwa mimi nimemkosea nini? Jana saa nane usiku Simba wa mama mwenye nyumba kaja kukaa mbele ya mlango wangu, vyumba sita vyote kaona wangu tu, akabweka weee akamalizia na ule mlio wa kuvuta, uuuuuu, ule ukiusikia unakumbuka na madeni ya 2019.

Nyumba nzima nje. Mama mwenye nyumba kanga kifuani, tochi ya simu usoni kwangu. Ustadhi wa chumba cha kona akaanza: mafundisho yapo, ukisikia mbwa anabweka au punda analia usiku jikinge kwa Mungu, wanaona msivyoviona. Sawa, simpingi, ila kila akifika "msivyoviona" mbona anaangalia dirisha langu? Mama wa chumba cha pili akadakia, kwao Tanga ukijipaka tongotongo za mbwa machoni wachawi unawaona laivu. Dogo wa bodaboda akauliza nani anajitolea. Kimya. Mimi na bukta yangu nikajikohoza kisomi, "Majirani, mbwa anasikia sauti mpaka mitetemo 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000, huenda ni panya darini."

Nimeharibu. "Baba, wewe umejuaje anachosikia mbwa?"

Sasa ukweli, uvunguni kulikuwa na changu mzima wa kukaanga, nimemtoa Feri kwa hela yangu, namla gizani maana jioni ileile nimewaapia sina hata mia ya kuchangia luku. Niseme nina samaki au nikubali nina jini?

Nikakubali jini.

Ustadhi kasoma, mama mwenye nyumba kafukiza ubani mpaka kwenye viatu, harufu ya changu ikafa, Simba kaondoka zake. "Mmeona? Limetoka!" Limetoka nini, na mbwa mwenyewe ndo huyuhuyu mwezi uliopita mwizi kabeba mtungi wa gesi yeye kamsindikiza mpaka barabarani anatingisha mkia! Huyo hakumwona, ana macho ya majini tu!

Leo bafuni wananipisha, luku hawanidai, nikasema afadhali, mara nagongewa mlango nilipie ubani elfu mbili. Elfu mbili! Na maji yenyewe siku ya tatu hayatoki, dumu mia tano, na ndoo yangu ya bluu nani kachukua?