Mtoto na kigari chake uwanjani, aende au abaki?

Jirani yangu ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, na mumewe kamwambia mechi ya watani inayokuja, Simba na Yanga, wanaenda wote watatu kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa Dar, mtoto na kigari chake cha kusukuma. Kanifuata kuniuliza maana anajua wa kwangu nimeshampeleka uwanjani mara tatu. Nilianza kumjibu pale mlangoni ikawa stori ndefu, kwa hiyo naiandika yote hapa, najua wenye swali hili ni wengi na AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja hukuhuku kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda.

Nianze na wanaosema aende, maana hao huwa wanazomewa kabla hawajamaliza kuongea. Baba akiwa na mtoto wa wiki mbili nyumbani, jumamosi anavaa jezi anaondoka na hakuna anayeshangaa. Mama akitaka kwenda anaulizwa mtoto unamwacha na nani, na akisema basi naenda naye anaambiwa hana akili. Sio kila nyumba ina dada wa kazi, sio kila mtu ana bibi wa mtoto mtaa wa pili, kwa hiyo ukisema mtoto asiende, kwa nyumba nyingi umesema mama asiende. Na kuna kitu mtoto anakipata kule ambacho kwenye TV hakipo. Wa kwangu mara ya kwanza alikuwa na mwaka na miezi saba, goli lilipoingia alishtuka akanikaba shingo, mdomo ukaanza kutetemeka nikajua hapa kilio, afu akaangalia pembeni akaona mzee mmoja mwenye mvi anaruka anacheka, akaniachia shingo akaanza kupiga makofi. Mpaka leo akiona nyasi za kijani kwenye TV anapiga makofi. Mi hicho siwezi kukiita upuuzi.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kumficha mtu kitu. Mei 28, 2023, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, Yanga na USM Alger, watu walikanyagana kwenye mageti ya kwa Mkapa, mtu mmoja akafariki na wengine wengi wakaumia. Januari 24, 2022 pale uwanja wa Olembe, Yaoundé, Cameroon ikicheza na Comoro kwenye AFCON, wakafa watu 8, na mtoto alikuwemo. Rais wa CAF, shirikisho la soka Afrika, Patrice Motsepe, alisema lile geti lilitakiwa kuwa wazi na lilikuwa limefungwa. Na CHAN ya Agosti 2025, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, kule uwanja wa Kasarani Nairobi mashabiki waliingia kwa nguvu mpaka CAF ikapunguza watu kwenye mechi za Kenya, wakaruhusiwa 27,000 tu na tiketi za mtandaoni peke yake. Ukiyaangalia hayo utaona kitu kimoja, hatari inaanzia getini, pale nje, kabla hujaona hata nyasi. Mtu anayejiuliza kama mtoto ataogopa kelele za ndani anajiuliza swali la pili, la kwanza ni atapitaje getini.

Na hapo ndipo kigari kinapoharibu kila kitu. Kigari kinamweka mtoto usawa wa magoti ya watu. Msongamano ukianza watu hawaangalii chini, wanasukumwa kutoka nyuma, anayejikwaa kwenye tairi la kigari anamwangukia mtoto na wa nyuma yake anamwangukia yeye, na huwezi kugeuza kwa sababu kigari kinataka nafasi ya kugeukia na nafasi haipo. Hata ukipita salama, ndani ni ngazi, na kati ya safu na safu mtu mzima mwenyewe anapita upande upande. Lakini na mimi namuelewa anayekibeba, mtoto wa umri huo ana kilo kumi na kitu, kutoka kituoni Uhasibu mpaka uwanjani kwa miguu, jua la saa tisa, mkoba wa nepi, maji, uji, mgongo unakatika. Kigari ni cha njiani, tatizo ni kwamba ukifika getini huna pa kukiweka.

Yalinikuta kwenye mechi moja ya usiku, uwanja siutaji. Mlinzi akasema hicho hakiingii, sawa nimekubali, nikamuuliza nikiache wapi akanyanyua mabega tu. Foleni inasukuma, mtoto analia, mwishowe mama mmoja wa mishikaki akaniita, akakikunja mwenyewe akakilaza chini ya meza yake akakifunika na kanga. Mechi imeisha saa nne usiku tunatoka, geti limefunguliwa bawa moja tu. Mtoto nilikuwa nimemfunga kifuani na mbeleko, nikahisi kifua cha mtu wa nyuma kinanibana, viatu vya mtoto vinanikwaruza mbavu, nikakunja mikono mbele kama bondia kumtengenezea nafasi ya kupumua. Ilikuwa kama dakika mbili hivi. Nilipotoka nje magoti yalikuwa yanacheza, na nikajiambia kama kigari kingekuwa mkononi muda ule sijui ningefanya nini.

Kelele nazo zisidharauliwe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha usikilizaji salama kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima, wakati vuvuzela ikipulizwa karibu inapita 110. Februari 2010, mchezaji Drew Brees aliposhinda Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, alimnyanyua mwanae wa mwaka mmoja uwanjani na mtoto kavaa zile hedfoni kubwa za kuziba masikio. Hizo ndizo za kununua kabla ya jezi, pamba ya masikioni haifanyi kazi hiyo na mtoto anaweza kuichomoa akaila.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mtoto aende, lakini sio kwenye derby, yaani hiyo mechi ya watani. Derby unaingia mapema ili upate siti, jua lote lako, na hata ratiba yenyewe haiaminiki. Mei 8, 2021 mechi ilisogezwa kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, Yanga wakagoma, watu wamekaa ndani masaa na mechi haikuchezwa. Machi 8, 2025 ikaahirishwa tena siku hiyohiyo ya mchezo. Mtu mzima anakasirika anaenda nyumbani, mtoto wa mwaka mmoja keshaishiwa maziwa na nepi ya mwisho imelowa. Mechi nzuri ya kuanza nayo ni ya ligi ya kawaida, ya mchana au ya saa kumi, uwanja mdogo au uwanja mkubwa ulio nusu. Mbeleko kifuani, sio mgongoni, kule nyuma humuoni na ndiko msukumo unakotokea. Namba ya simu muandikie kwenye mkono kwa kalamu. Kaa karibu na njia ya kutokea, na ama utoke dakika kumi kabla ama ukae mpaka uwanja uishe watu kabisa, katikati ya hapo usijaribu.

Ila hayo ni ya mzazi, na mi naona tunamlaumu sana mzazi tunamsahau mwenye uwanja. Olimpiki ya London 2012 walianza kwa kudai hata mtoto mchanga awe na tiketi yake, akina mama wakapiga kelele, sheria ikalegezwa kwa vichanga. Kelele zilifanya kazi. Na sisi cha kudai sio kikubwa, geti moja la familia, liwe wazi bawa zote mbili wakati wa kutoka, na hema pembeni la kuacha vigari, unapewa kibati cha namba kama tunavyoacha mizigo supamaketi. Viwanja vya AFCON, Talanta Nairobi, Arusha, Hoima, hii ndiyo nafasi ya kuliweka hilo kwenye mipango mapema, maana mashindano yakishaanza hakuna atakayekusikiliza.

Jirani yangu nimemwambia derby waiangalie nyumbani, afu wiki inayofuata kama kuna mechi ya ligi ya saa kumi tutaenda wote, kigari tutakiacha kwa shemeji yangu Chang'ombe na mtoto nitampokezana naye kubeba.