Mtoto wa Mafia na potwe wa Donsol

Donsol ni kimji cha wavuvi Ufilipino, mkoa wa Sorsogon, kusini kabisa mwa kisiwa cha Luzon, na mimi sasa hivi nikikisikia tu kinatajwa natamani ardhi ipasuke.

Nilienda likizo kwa jamaa niliyekuwa nafanya nae kazi Doha, kwao ndo huko. Jamaa alikuwa kila siku butanding, butanding, samaki mkubwa kuliko wote duniani wako kwetu, mpaka nikamwambia bwana we, mi mtoto wa Kilindoni, Mafia, hao sisi tunawaita potwe na nimeogelea nao toka sijaota meno. Uongo mtupu. Potwe nimewaona nikiwa juu ya mtumbwi, tena nimeshika mlingoti.

Kumbe ukoo mzima ushaambiwa! Kufika tu, mama yake, wajomba, mabinamu, wote wanataka kwenda kumuona Mwafrika anavyocheza na butanding.

Utaratibu wao lakini nimeukubali. 1998 wapiga mbizi waliwarekodi hao samaki, mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuwavua, ndo utalii ukaanza na wavuvi wengine wakageuka waongozaji. Huingii majini mpaka uoneshwe video ya masharti: kugusa hamna, flashi hamna, mitungi ya kuzamia hamna, kaa mita 3 toka ubavuni na mita 4 toka mkiani, samaki mmoja boti moja. Mi nikawa najifanya nasinzia ili wanione mzoefu.

Boti lenyewe bangka, ngalawa ya kwetu kabisa na mirengu yake huku na huku, ila ya injini. Muongozaji akapiga kelele ruka! nikajitupa kabla ya wote, sifa hizo. Sasa maji ya Donsol sio kioo, yamejaa planktoni ambayo ndo chakula cha hao samaki, kwa hiyo unaona kijani kitupu, halafu ile kijani ikaota madoa meupe, halafu madoa yakawa hayaishi, halafu likaja mdomo wazi, upana wa mlango wa choo, linakuja kwangu. Najua kabisa hana habari na mimi, anachuja vidudu tu, Mafia hata mtoto mdogo anajua, ila miguu yangu ilikuwa haijui.

Nikapiga ukelele mama nakufaaa ndani ya kile kibomba cha kupumulia, nikameza bahari, nikamkwea yule muongozaji mabegani. Maskini mzee wa watu, kimo chake kinaishia kifuani kwangu, akazama na mimi juu yake. Kila akiibuka ananiambia kwa upole tulia ser, tulia, mi namkaba upya. Masharti yote ya ile video yanahusu samaki, hakuna hata moja linalokataza kumgusa muongozaji. Potwe mwenyewe alishapita zamani. Kaptula nayo ikaona hapa pana mambo ya watu wazima, ikaondoka zake, na kule botini mama mtu akageuza uso akapiga ishara ya msalaba.

Binamu hakugeuza uso. Binamu alikuwa anarekodi, akatupia Facebook, akanitagi.

Usiku niko mezani nalia machozi, samaki wa nazi wa Bicol, ukanda wenye Donsol, wanamtia pilipili kama wanatia mboga, simu ikaita. Baba mdogo, Kilindoni. Hata salamu hakuna.

"We mtoto, huyo mzee umemlipa?"