Mhusika wa kimo cha shubiri

Karibu kila kundi la mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ule wa kusimulia hadithi pamoja na kurusha dadu, lina mtu wa namna hii. Wenzake wanaunda mashujaa wenye mapanga na wachawi wenye ndevu. Yeye anataka kuwa kichimbakazi, kile kiumbe kiduchu cha hadithi, wa kimo cha shubiri, au panya anayepigana kwa sindano. Mwongoza mchezo, yule anayesimulia na kuamua, anaguna, ubishi unaanza, na mara zote ni ubishi wa namba: huyu kiduchu ataonewa au atapendelewa? Mimi naona wanabishania jambo dogo. Kubwa ni muda wa meza, utaliwa na nani.

Ila namba ndizo zinazopigiwa kelele, basi tuanze nazo. Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo hiyo, ilitoka mwaka 1974, na watu wafupi wamekuwamo tangu mwanzo. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliuchukulia udogo kama jambo la kweli. Mhusika wa daraja la kimo liitwalo Dogo aliongezewa pointi 1 kwenye kushambulia na 1 kwenye kukwepa, akaongezewa 4 kwenye kujificha, halafu akapunguziwa 4 pale anapokabwa. Ulipata huku, ukalipa kule. Toleo la tano, la mwaka 2014, likafagia sehemu kubwa ya hesabu hizo. Humo haflingi, mmoja wa wale watu wafupi, alichukua mraba uleule wa futi 5 kwenye ramani ya mchezo anaochukua binadamu, alitembea futi 25 badala ya 30, na akishika silaha nzito alirusha dadu mbili na kuhesabiwa ile yenye namba ndogo. Sheria za mwaka 2024 zimeondoa hata hayo mawili ya mwisho: kasi ni futi 30, na silaha nzito inaangalia nguvu au wepesi wa mhusika, kimo chake hakiulizwi.

Wanaoyafurahia mabadiliko haya wana hoja. Mtu asiadhibiwe kwa kupenda umbo fulani, na haflingi anayezungusha shoka refu kuliko yeye ni kichekesho kinachostahili kuwepo. Nakubali. Lakini udogo usiobadilisha chochote ni vazi tu, na anayeomba kuwa mdogo kwa kawaida haombi vazi. Anataka dunia iwe kubwa.

Chukua kanuni ya kuanguka. Kila futi 10 ni dadu moja ya pande 6 ya majeraha, mpaka dadu 20, uwe jitu au kichimbakazi. Mwanabiolojia J. B. S. Haldane alieleza mwaka 1926 kwamba panya mdogo akidondoshwa kwenye shimo la mgodi lenye kina cha yadi 1,000, atatikisika kidogo na kujiendea zake, mradi chini pawe laini kiasi. Binadamu hatoki salama. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kila gramu ya uzito wake, hivyo hewa inaushika kabla haujapata mwendo wa kuua. Laiti kanuni ingemwachia panya wetu aruke kutoka mnarani bila jeraha! Na kwa upande wa pili, tone la nta ya mshumaa liwe ndoo ya moto, mfereji wa paa uwe mto, paka awe simba. Hapo mchezaji anapata alichokuja kukitafuta, wala hajaongezewa hata pointi moja ya kushambulia.

Sasa upande ambao wapenzi wa vidogo hawapendi kuusikia. Nimewahi kukaa na shujaa wangu nje ya mlango uliofungwa, nikitafuna kucha, huku kichimbakazi wa kundi amepenya tundu la ufunguo na kuzurura ngome nzima. Alisikiliza mazungumzo ya walinzi, akasoma barua, akahesabu mapipa. Robo tatu ya saa! Yeye alikuwa anacheza, sisi wanne tulikuwa hadhira. Vita vilipozuka akajificha mfukoni mwangu, na mapigo yakawa yangu. Hakuna jedwali la sheria linalorekebisha hilo. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili imejaribu kwa njia moja ninayoipenda: kiumbe mdogo kabisa hafikii adui wa mraba wa jirani, kwa hiyo akitaka kumchoma lazima aingie kwenye mraba wa adui mwenyewe. Walau anahatarisha ngozi yake.

Wengine husema basi wote wawe wadogo. Bunnies & Burrows ilifanya hivyo tangu 1976: kila mchezaji ni sungura. Ugomvi wa nani anamsubiri nani kutokana na kimo unakwisha, na hatari inabaki nje, kwa wanyama wakubwa. Ni suluhisho safi, ila halimsaidii yule anayetaka kuwa mdogo miongoni mwa wakubwa, abebwe begani, asahauliwe juu ya meza ya mfalme kisha asikie siri. Utamu wake uko kwenye tofauti hiyo.

Kwa hiyo mimi nikiongoza mchezo simkatalii kichimbakazi, ila namtengenezea milango yangu. Tundu la ufunguo atapita. Komeo la ndani litakuwa la chuma, zito mara kumi kuliko yeye, na kamba ya kulivutia itakuwa mikononi mwa walioko nje.