Mama Teresa naye aulizwe habari za dawa

Hapa Bukavu, ukimgusa Mama Teresa wa Kolkata mbele ya akina mama wa Legio Maria, chama cha waumini Wakatoliki, ujue umejitafutia. Mimi namgusa hivyo hivyo.

Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu The Lancet, aliandika aliyoyaona katika nyumba ya Mama Teresa ya wanaokaribia kufa, ile ya Kalighat huko Kolkata iliyofunguliwa 1952. Alisifu usafi, vidonda vilivyotunzwa na upole wa masista. Kisha akasimulia habari za kijana aliyekuwa na homa kali, hali yake mbaya, amepewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, na parasetamoli. Baadaye daktari mgeni akahisi ni malaria, akambadilishia dawa. Fox alipouliza kwa nini damu isipimwe, aliambiwa vipimo kwa kawaida haviruhusiwi. Jamani, malaria! Zahanati ndogo kabisa ya Kadutu, hapa mjini kwetu, itakuchoma kidole kabla ya kukuandikia kidonge. Tena dawa kali za maumivu hazikuwapo.

Watetezi wanakumbusha kwamba sheria ya India ya 1985 ilifanya mofini, dawa kali ya maumivu, iwe ngumu kupatikana. Ni kweli, na waliopokelewa pale wengi walikuwa wametupwa barabarani. Lakini sheria ya mofini haikumkataza mtu kupima tone la damu. Na Mama mwenyewe moyo uliposumbua, 1989 aliwekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Sioni ubaya hapo, ila maskini naye ana moyo.

Pesa nazo hazikukosekana. Nobeli alipewa 1979. Charles Keating, Mmarekani aliyehukumiwa kwa kuwalaghai watu wenye akiba ndogo, alimchangia dola 1,250,000. Mwaka 1992 Mama akamwandikia hakimu kumwombea huruma. Mmoja wa waendesha mashtaka akamjibu kwa barua, akimsihi azirudishe pesa hizo kwa wenyewe. Hakupata jibu.

Nasema haya nikiwa katika mji wenye Panzi, hospitali ya kanisa la Kipentekoste iliyoanza 1999 chini ya Daktari Mukwege, mtoto wa mchungaji. Pale wanasali, na chumba cha upasuaji kinafanya kazi. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba imani na vipimo havikai nyumba moja.

Utakatifu aliotangaziwa 2016 ni mambo ya Roma, siyagusi. Ila sisi tunaodai hesabu kwa kila shirika la misaada (ONG) lenye gari jeupe, kwa nini tunyamaze tukiona sari yenye mistari ya buluu?